FIDIA YA BEGA LILILOUMIA KWA SINDANO YA CHANJO
Somo kwa Makatibu na Vikundi vya Masomo vya Vyama vya Msingi

Katika mkutano mkuu wa chama cha msingi hakosekani mwanachama anayesimama na kuuliza yale makato ya senti chache katika kila kilo huenda wapi, nayo yamfaa nini yeye ambaye mwaka huu hakupata hasara yoyote. Swali hilo ni la haki. Katibu aliyejiandaa hulijibu kwa kufungua daftari. Asiyejiandaa hulijibu kwa maneno mengi.

Somo la safari hii lachukua mfano wa mbali. Huko Marekani upo mfuko wa fidia unaojazwa kwa senti zinazokatwa katika kila dozi ya chanjo, nao huwalipa watu wachache walioumizwa na chanjo. Katika miaka ya karibuni madai mengi zaidi yanayofikishwa kwenye mfuko huo ni ya watu walioumia bega. Mfano umechaguliwa kwa kuwa waonyesha jinsi mfuko wa pamoja unavyoweza kumlipa aliyeumia bila kwanza kumtafuta mkosaji. Tena waonyesha jinsi haki ya mtu inavyopotea, si kwa sababu hakuumia, bali kwa sababu tarehe haikuandikwa. Makatibu wa vyama walijua jambo hilo la pili kuliko watu wengine wote. Isitoshe, wazungumzaji wengi wa Kiswahili kutoka Kongo, Kenya, Tanzania na kwingineko sasa wanaishi na kufanya kazi Marekani, na wengi wao wako katika hospitali na nyumba za kutunzia wazee, ambako chanjo ya mafua ni jambo la kila mwaka. Yawezekana mwanachama akawa na mwana au ndugu huko ambaye habari hii itamfaa.

Bega huumiaje

Mtu mzima huchomwa sindano ya chanjo kwenye msuli mnene ulioko sehemu ya juu ya mkono. Mahali panapofaa ni kiasi cha upana wa vidole viwili au vitatu chini ya ncha ya mfupa wa bega. Sindano ikichomwa juu zaidi ya hapo, yaweza kuukosa msuli na kuingia katika kifuko cha ute kilaini­shacho kiungo, au kufika kwenye kano. Hapo dawa iliyokusudiwa kuiamsha kinga ya mwili ndani ya msuli huamsha uvimbe ndani ya kiungo chenyewe.

Kila aliyepata chanjo ayajua maumivu ya kawaida, yale ya siku mbili au tatu yanayokwisha yenyewe. Maumivu yanayozungumzwa hapa ni mengine. Huanza mara moja au usiku ule ule, na badala ya kupungua huzidi. Mtu hushindwa kuchana nywele, kuvaa shati, kufunga kanga kifuani, kulalia upande ule, au kufikia kitu kilichowekwa rafuni. Baadhi ya watu bega huganda kabisa, mkono ukawa hauinuki kupita kifua. Wengi hupona kwa mazoezi ya viungo na kwa dawa za kutuliza uvimbe, lakini yaweza kuchukua miezi mingi. Wachache hulazimika kupasuliwa.

Yapasa ieleweke wazi kwamba kosa halimo katika dawa. Mtu yule yule, kwa dawa ile ile, angechomwa vidole viwili chini ya hapo, jeraha hilo lisingemfika. Kwa hiyo habari hii haimpi mtu sababu ya kukataa chanjo au kumkataza mwanawe. Jeraha lenyewe ni nadra. Chanzo chake aghalabu ni kidogo sana: mchomaji amesimama na mchomwaji ameketi, basi mkono wa mchomaji huangukia juu, au mchomwaji, kwa haraka au kwa haya, hateremshi vazi vizuri ila huvuta kola ya shati pembeni, na sehemu inayoonekana ikawa ni bega tupu. Ushauri unaotolewa kwa wahudumu ni kwamba wote wawili waketi, na mkono uwe wazi wote. Mwanachama naye akienda kuchanjwa, hana sababu ya kuona haya kuvua.

Waganga walichelewa kulitambua jeraha hili. Mwaka 2007 jarida moja la utabibu lilichapisha habari za wagonjwa wawili tu. Mwaka 2010 waganga waliokuwa wakichunguza madai ya mfuko huo wa Marekani waliandika habari za wadai 13 wenye bega la namna moja. Mwaka 2011 kamati ya wataalamu wa Taasisi ya Tiba ya Marekani ilikubali kwamba ushahidi unatosha kusema uvimbe wa kifuko cha ute wa bega waweza kusababishwa na sindano yenyewe. Baada ya hapo, mwaka 2017, jeraha la bega liliingizwa rasmi katika Jedwali la Madhara ya Chanjo, ambalo ndilo orodha inayotumika kuamua madai. Kabla ya mwaka huo mdai alikuwa na kazi ya kuthibitisha kwa wataalamu kwamba sindano ndiyo iliyomuumiza. Tangu hapo, akitimiza masharti yaliyoandikwa, sheria humdhania kuwa ameumizwa na chanjo, na ni juu ya Serikali kuonyesha sababu nyingine.

Senti 75 katika kila dozi

Mfuko haukuanzishwa kwa ajili ya mabega. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 wazazi wengi wa Marekani waliwashitaki watengenezaji wa chanjo ya kifaduro, wakidai kwamba watoto wao walidhurika. Baadhi ya watengenezaji waliacha kazi hiyo, na Serikali ikahofu kwamba chanjo zingeadimika. Mwaka 1986 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria, Rais Ronald Reagan akaitia sahihi mwezi Novemba mwaka huo, na mpango ukaanza kazi tarehe 1 Oktoba 1988.

Fedha zatokana na ushuru wa senti 75 za dola kwa kila ugonjwa unaokingwa na dozi moja. Chanjo ya mafua hukinga ugonjwa mmoja, basi hukatwa senti 75. Chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela hukinga magonjwa matatu, basi hukatwa dola 2 na senti 25. Hesabu ni nyepesi, na mwanafunzi wa darasa la nne aweza kuikagua. Ushuru huo hulipwa na mtengenezaji, lakini kwa kweli umo ndani ya bei, kama vile makato ya mazao yalivyo ndani ya bei. Mamilioni ya watu huchangia bila kujua, na hawadai kitu kwa kuwa hawakuumia. Kwa senti hizo hizo mfuko umekwisha kulipa zaidi ya dola bilioni 4 tangu ulipoanza.

Anayedai hamshitaki muuguzi aliyemchoma, wala duka la dawa, wala kiwanda. Mdaiwa ni Waziri wa Afya wa Marekani, naye hutetewa na mawakili wa Wizara ya Sheria. Hahitaji kuthibitisha uzembe wa mtu yeyote. Hiyo ndiyo faida yake. Na gharama ya faida hiyo ni kwamba mlango wa mahakama za kawaida umefungwa kwa sehemu kubwa: anayedai zaidi ya dola 1,000 hawezi kumshitaki mtengenezaji au mchomaji kabla hajapita kwenye mpango huu, na mwaka 2011 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba mtengenezaji hawezi kushitakiwa kwa madai kwamba chanjo ingaliweza kutengenezwa kwa namna iliyo bora zaidi. Ni mapatano: mmoja ameacha haki yake ya kushitaki, mwingine amekubali kuchangia. Wanachama watayapima wenyewe kama ni mapatano ya haki.

Lipo jambo moja ambalo si la haki hata kidogo, na kikundi cha masomo chafaa kuliangalia. Fidia ya maumivu na mateso imewekewa kikomo cha dola 250,000. Kikomo hicho kiliwekwa mwaka 1986, nacho hakijapandishwa tangu hapo, hali bei za vitu vyote zimepanda mara kadhaa. Halmashauri ya chama inayoacha kiwango cha posho au fidia miaka mingi bila kukitazama hufanya vivyo hivyo: tarakimu ni ile ile kitabuni, lakini haiwezi tena kununua kitu kile kile.

Masharti

Ili bega likubaliwe kwa mujibu wa Jedwali, maumivu hayana budi kuanza katika muda wa saa 48 tangu kuchomwa. Mdai awe hakuwa na maumivu, uvimbe au ugonjwa wa bega lile kabla ya chanjo ambao ungeweza kuwa ndio chanzo. Maumivu na kushindwa kuinua mkono viwe katika bega lile tu lililochomwa. Ikiwa maumivu yanatoka shingoni na kushuka hadi vidoleni, hiyo ni habari nyingine. Tena pasiwe na ugonjwa mwingine, kama wa neva, uwezao kueleza hali hiyo.

Juu ya hayo lipo sharti linalomhusu kila mdai wa mfuko huu, awe wa bega au wa jeraha jingine. Madhara yawe yamedumu zaidi ya miezi sita, au mtu awe amelazwa hospitali na kupasuliwa. Sharti hili la miezi sita ndilo linalowaangusha watu wengi walio wakweli.

Chanjo nazo si zote. Zinazohusika ni zile zilizoingizwa katika mpango na kutozwa ushuru, kama za mafua, pepopunda, homa ya ini na surua. Mtu mzima aliyechomwa chanjo hizo ana haki sawa na mtoto. Lakini chanjo ya mkanda wa jeshi, ambayo wazee wengi huchomwa, haimo. Mzee aliyeumizwa bega na sindano hiyo hawezi kuujia mfuko huu, ingawa maumivu ni yale yale. Kuhusu uraia sheria haiulizi. Mtu aliyechomwa chanjo ndani ya Marekani aweza kudai hata akiwa si raia.

Wawili walioumia sawasawa

Na ichukuliwe mifano miwili ya kubuni. Wanawake wawili ni wasaidizi wa wagonjwa katika nyumba moja ya kutunzia wazee. Wote wamechomwa chanjo ya mafua siku moja ya mwezi Oktoba, mkono wa kushoto, na usiku ule wote wawili wameshindwa kulala kwa maumivu.

Wa kwanza alimwandikia dada yake ujumbe wa simu usiku huo huo: bega la kushoto lawaka moto tangu ile sindano. Siku ya sita akaenda kwa daktari, naye daktari akaandika kwamba maumivu yalianza siku ya chanjo. Akapelekwa kwenye mazoezi ya viungo, na kila alipohudhuria aliandikwa. Mwezi wa saba bado alikuwa akienda, na karatasi ya mwezi huo yaonyesha kwamba mkono waishia usawa wa bega. Stakabadhi za malipo yake, na barua ya mwajiri inayotaja siku alizokosa kazi, zote amezitia katika bahasha moja.

Wa pili ni mtu wa kuvumilia. Alifanya kazi kwa mkono wa kulia, akameza dawa za kutuliza maumivu alizonunua dukani, akawaambia wenziwe tu chakulani. Mwezi wa nne alikwenda kwa daktari kwa ajili ya shinikizo la damu, na alipokuwa akitoka ndipo alipotaja bega. Daktari, akiwa na wagonjwa wengine wanaongoja, aliandika mstari mmoja: maumivu ya bega ya wiki kadhaa. Alihudhuria mazoezi mara mbili, kisha akaacha, kwa kuwa mwajiri hakumpa ruhusa na nauli ilikuwa kubwa. Nayo karatasi ya chanjo yasema alichomwa mkono wa kulia.

Wawili hawa wameumia sawasawa. Hapana hata mmoja anayesema uongo. Lakini mbele ya hakimu wa kwanza anaonekana mgonjwa, wa pili anaonekana mtu mwenye mashaka. Karatasi zake zasema kwamba mkono ni mwingine, kwamba maumivu hayakuanza siku ile, na kwamba baada ya mazoezi mawili alipona.

Kuhusu mkono usiolingana, hakimu huweza kuelewa. Sheria ya mwaka 1986 yamwamuru mchomaji aandike tarehe, mtengenezaji, namba ya fungu la dawa, pamoja na jina, cheo na anwani yake; haikutaja mkono. Sehemu nyingine fomu ya kompyuta hujazwa kabla mtu hajachomwa, na mkono ulioandikwa ni ule uliozoeleka tu. Mahakimu wamekwisha kuliona jambo hilo mara nyingi, na karatasi za daktari zikitaja mkono mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, aghalabu huzifuata hizo. Katibu wa chama atalitambua kosa hilo bila kuelezwa. Ni ndugu ya kile kitabu cha mizani kilichojazwa jioni kwa kukumbuka.

Kuhusu siku ya kuanza maumivu, mahakama ya rufani iliamua mwaka 1993 kwamba karatasi za hospitali zilizoandikwa wakati wa ugonjwa zina uzito mkubwa, kwa kuwa mgonjwa anayetaka kutibiwa hana sababu ya kumdanganya mganga. Kwa miaka mingi maneno hayo yalitumika dhidi ya watu kama huyu wa pili. Mwaka 2021 mahakama hiyo hiyo ikasema kwamba karatasi hazidhaniwi kuwa zimeandika kila kitu. Daktari anayetibu shinikizo la damu hana wajibu wa kuandika habari za bega. Kwa hiyo ukimya wa karatasi si lazima uwe ushahidi wa kutokuumia. Hapo ndipo wa pili apatapo njia: hati yake ya kiapo, hati za kiapo za wenziwe waliomsikia chakulani na kumwona akibeba trei kwa mkono mmoja, na ya mumewe aliyemsaidia kuvaa. Njia ipo, lakini ni ndefu, na yategemea kwamba wenziwe bado wanapatikana na bado wanakumbuka.

Kuhusu miezi sita, hali ni ngumu zaidi. Mgonjwa asiporudi kwa daktari, karatasi yasema amepona. Mtu maskini huacha matibabu kwa nauli, si kwa afya, na sheria haioni nauli isipokuwa mtu ameieleza. Kama mganga ameandika katika mwezi wa saba, hata kwa mstari mmoja, kwamba mkono bado hauinuki, mstari huo mmoja waweza kuwa ndio madai yote.

Muda

Hati ya madai hufunguliwa katika Mahakama ya Madai ya Shirikisho iliyoko Washington, nayo ni lazima ifunguliwe kabla ya miaka mitatu kutimia. Miaka hiyo huhesabiwa tangu dalili ya kwanza ilipotokea. Mahakama ya rufani iliamua mwaka 2011 kwamba hesabu haianzi siku mtu alipofahamu kwamba chanjo ndiyo chanzo. Bega lililoanza kuuma usiku wa tarehe 10 Oktoba lina hesabu yake tangu usiku huo, hata kama daktari alitaja sindano miaka miwili baadaye. Mtu anayengoja apone kwanza ndipo adai, au anayengoja mwajiri amshauri, huenda akawa amekwisha kupoteza kila kitu.

Tanzania nayo, chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971, hutoa miaka mitatu kwa shauri la madhara ya kawaida, na anayetaka kuishitaki Serikali yampasa kwanza kutoa notisi ya siku 90. Wanachama wengi wanaojua bei ya pembejeo kwa shilingi na senti hawajui tarakimu hizo mbili.

Mbele ya hakimu

Madai husikilizwa na mahakimu maalumu wanane wa mahakama hiyo. Kwanza waganga wa Serikali huzisoma karatasi na kutoa maoni. Kisha mawakili wa Serikali huandika kama wanakubali, wanapinga, au wako tayari kwa maafikiano. Sehemu kubwa ya fidia zinazolipwa, kiasi cha 60 kwa mia, hutokana na maafikiano na si hukumu. Tangu mwaka 2014 kipo kitengo maalumu cha kuharakisha madai yaliyo mepesi, na ya bega ndiyo yaliyo mengi humo. Hata hivyo mtu asitazamie kulipwa katika mwezi mmoja au miwili; miaka miwili si jambo la ajabu.

Anayeshinda hulipwa gharama za matibabu ambazo bima yake haikulipa, mshahara alioukosa, na fidia ya maumivu ndani ya kile kikomo. Asiyeridhika aweza kukata rufani ndani ya siku 30.

Habari ya wakili ndiyo iliyo nzuri kupita zote katika sheria hii. Ada ya wakili hulipwa na mfuko, hata mdai akishindwa, ilimradi madai yaliletwa kwa nia njema na yalikuwa na msingi wa kuaminika. Wakili haruhusiwi kumtoza mdai kitu cha ziada wala kumega fungu katika fidia yake. Kwa hiyo ndugu aliyeko huko akiambiwa na mtu yeyote kwamba atoe theluthi ya fidia, au atoe kitangulizi ili jina lake liingizwe, na ajue kwamba anaibiwa. Madalali wa namna hiyo hupenda kuwaendea watu wasiosoma Kiingereza vizuri.

Mwaka 2020 Serikali ya Marekani ilitaka kuliondoa bega katika Jedwali, kwa hoja kwamba jeraha hilo ni kosa la uchomaji wala si la chanjo. Kanuni ilitangazwa Januari 2021, kisha ikafutwa Aprili mwaka huo kabla haijaanza kutumika. Hoja yenyewe si ya kudharauliwa. Lakini aliyeumia hakuchagua nani amchome. Na mfuko uliokusudiwa kuwaondolea watu shida ya kumtafuta mkosaji usingefanya vizuri kuanza kumtafuta.

Chanjo ya korona

Hapa ndipo watu wengi walipojikwaa. Chanjo za korona hazikuingizwa katika mfuko uliokwisha elezwa. Ziliwekwa chini ya mpango mwingine unaotokana na sheria ya mwaka 2005 ya wakati wa dharura. Mpango huo hauko mahakamani. Ombi huamuliwa na maofisa. Muda wake ni mwaka mmoja tu tangu siku ya kuchanjwa. Haulipi maumivu na mateso, wala ada ya wakili. Watu waliosikia habari ya miaka mitatu, wakatulia, walikuta mlango umefungwa. Bega ni lile lile, sindano ni ya namna ile ile, lakini jina la chanjo limeigeuza haki yote.

Kwa nchi zilizopokea chanjo za korona kwa njia ya mpango wa COVAX, uliomalizika mwishoni mwa mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2021 utaratibu wa fidia bila kushitakiana kwa nchi 92, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo. Utaratibu huo uliwekwa kwa ajili ya kifo au ulemavu wa kudumu. Bega lililouma miezi minane na kupona halikuwa na nafasi humo.

Wajibu wa katibu mwajiri

Chama chenye waajiriwa, hata kama ni mlinzi wa ghala na karani wa mizani, kina mfuko wa namna hiyo karibu nacho. Kwa Tanzania Bara ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, ambao mwajiri huuchangia kulingana na mishahara anayolipa. Nao haumdai aliyeumia kazini athibitishe kwamba mwajiri ni mzembe. Humtaka aonyeshe kwamba aliumia, lini, wapi na katika kazi gani. Kwa hiyo mlinzi aliyeangukiwa na gunia na akaambiwa na katibu apumzike tu nyumbani, bila tukio kuandikwa na kuarifiwa, ametendewa wema kwa mdomo na kunyimwa haki kwa kalamu.

Kazi ya kikundi

Kikundi kichague tukio moja la kweli la mwanachama au mwajiriwa wa chama aliyeumia katika miaka mitatu iliyopita. Katibu alete madaftari yote ya mwezi ule: la mahudhurio, la ghala, na kumbukumbu za mikutano ya halmashauri. Wanakikundi, bila kumwuliza aliyeumia, wajaribu kuonyesha kwa karatasi hizo peke yake siku aliyoumia, kiungo kilichoumia, nani aliyeona, na kama baada ya miezi sita alikuwa bado hajapona. Kisha aitwe mwenyewe aeleze. Tofauti kati ya maneno yake na yaliyomo madaftarini iandikwe ubaoni, na ijadiliwe ni nani aliyepaswa kuiandika, na alikuwa wapi siku ile.